Kifafa na kazi: karata ya hospitali ikikatwa, dawa itatoka wapi?

Kila mara tunapofanya kipindi juu ya kifafa hapa ku redio, simu ya kwanza inaleta swali lile lile: ni ugonjwa ao ni bulozi? Tunajibu, muziki inapita, tunaendelea. Kisha watu wanazoea, na swali lenye kuwasumbua kweli linatoka. Mutoto wangu alimaliza masomo lakini anaanguka, nani atamupa kazi? Ao: bwana yangu alianguka mbele ya bosi wakamurudisha nyumbani, na dawa tulikuwa tunapata ku kampuni, sasa tutazitoa wapi?

Swali hilo la pili njo nataka tulikamate leo, ndugu musomaji. Hapa kwetu Katanga, kazi na hospitali vimefungwa na kamba moja. Kazi ikianguka, hospitali inaifuata. Na mutu wa kifafa hangoji miezi mbele ya kuona matokeo. Siku kumi na tano zinaweza kutosha.

Nianze na nyumba yetu, musifikiri ninaongelea mambo ya watu wengine. Yaya yangu alianza kuanguka akiwa na miaka 14. Alizungushwa kama wote wanavyozungushwa: kwa mufumu, kwa chumba cha sala, kwa mufumu tena. Mwishoni mama alimupeleka kwa muganga, akaandikiwa fenobarbitali, akatulia. Akajifunza kusudeya. Kwa miaka 6 alikuwa fundi katika kampuni moja ndogo yenye kufanyia kampuni za migodi kazi. Jina lake naliacha. Kampuni ilikuwa na kituo chake cha afya. Kila mwisho wa mwezi yaya alipita pale, akachukua vidonge vyake, akameza kila mangaribi, akalala. Miaka 6 yote hakuanguka hata mara moja. Wenzake hawakujua kitu.

Kisha soko la kampuni likaisha, wakapunguza watu, na jina lake likawa kwenye listi. Hakuna mutu aliyemufukuza juu ya kifafa. Hapo naomba muangalie vizuri, kwa sababu watu wanafikiri mambo yanaenda upande mumoja tu: ugonjwa unaharibu kazi. Kwa yaya, ni kazi iliyoisha kwanza, na kuisha kwa kazi kukaamusha ugonjwa.

Karata ilikatwa. Alibaki na vidonge vya siku 10 hivi. Sisi ndugu zake tulikusanya makuta, tukanunua mufuko wa unga, tukalipa nyumba. Juu ya dawa tulisema itangoja kidogo, maana yeye ameisha kupona. Mimi pia nilisema hivyo, na nilikuwa nimeisha kuanza kazi ya redio. Wiki ya tatu alianguka karibu na mbabula. Mukono wa kuume uliungua mupaka kwenye kiwiko, na ule njo mukono wa kazi. Miezi 4 hakushika chuma. Alipoenda kujaribu kazi fasi ingine, dawa alikuwa anameza siku moja, siku mbili anaacha, ili isiishe mbio. Akaanguka pale pale kwenye mulango wa kampuni, mbele ya walinzi. Siku ile watu wakapata sababu ya kusema: munaona, mutu wa kifafa hawezi kazi.

Sasa tueleze kilichotokea ndani ya mwili. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo unafanya kazi kwa njia ya umeme kidogo sana. Mara ingine umeme huo unawaka wote pamoja bila mupango, na mutu anaanguka, ao anatetemeka mukono mumoja, ao anakaa macho wazi bila kujibu. Sababu ni mingi: mutoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kwenye kichwa, aksida, mayai ya tegu kutoka kwa mutu mwenye tegu ya nguruwe, na kwa wengine muganga haoni sababu. Povu haiambukizi. Kumushika mutu haiambukizi. Tumesema mara mingi, tunasema tena.

Fenobarbitali haiponyeshi kifafa kama kinini inavyoponyesha malaria. Inatuliza umeme kila siku, kwa muda inakuwa ndani ya damu. Ukiiacha kwa mara moja, ubongo uliozoea kutulizwa unaruka kwa nguvu kuliko mbele, na mutu anaweza kuanguka mara kwa mara bila kurudilia akili katikati. Hiyo inaweza kuua. Kwa hiyo mutu aliyetulia miaka 6 hajapona, ametunzwa. Kupunguza ao kuacha ni kazi ya muganga, na anafanya polepole sana.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu karibu milioni 50 wenye kifafa katika dunia, karibu 80 kwa 100 wakiwa katika inchi zenye mapato ya chini na ya kati. Linasema pia kwamba mupaka 70 kwa 100 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutunzwa sawasawa, na kwamba katika inchi maskini watatu kwa wane hawapati matunzo hayo. Dawa yenyewe, kwa bei ya chini ya kununua kwa wingi, inaweza kufika dola 5 kwa mutu mumoja kwa mwaka muzima. Ku farmasi ya mutaa bei inapanda, tunajua, lakini hata ikipanda mara kadhaa, bado si dawa ya watajiri. Nilipopata hesabu hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya. Mukono wa yaya uliungua juu ya vidonge ambavyo tungeweza kununua.

Juu ya nini basi hatukununua? Jibu moja ni ujinga wetu. Jibu lingine linatoka mbali kidogo, na watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi watalielewa mbio. Tangu wakati wa Union Minière, iliyoanzishwa katika 1906, na nyuma yake Gécamines, kampuni njo ilitoa nyumba, posho, masomo na hospitali. Baba akiwa na matrikule, mama na watoto wote walitunzwa. Vizazi na vizazi vilikomaa vikijua kwamba dawa hainunuliwi. Dawa inatoka ku kazi. Kisha katika 2003, kwa musaada wa makuta ya Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya elfu 10 wa Gécamines walitoka kwa ule mupango wa kuondoka kwa hiari. Kamba ilikatika kwa familia zote hizo. Lakini akili ilibaki ile ile: ukiwa na kazi, uko na hospitali, ukikosa kazi, ungojee.

Na sheria ya inchi inaendelea kuifunga kamba hiyo. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, ile tunaita Code du travail, inasema bosi sherti atunze mufanyakazi na familia yake: muganga, hospitali, upasuaji, dawa. Haisemi malaria tu. Haisemi isipokuwa kifafa. Na inasema matunzo hayo yanaendelea hata kontra ikisimamishwa juu ya ugonjwa, mupaka kontra iishe. Kwa hiyo bosi anayesema "dawa hiyo ya kila siku haituhusu" hana sheria nyuma yake. Kitu kinachobaki ni kujua kuidai, na hapo njo wengi wanaogopa, kwa sababu kudai dawa ya kifafa ni kutangaza kifafa.

Je, mutu aseme ao afiche? Swali hili linagawanya hata waganga niliowauliza. Mbele ya kuandikwa, mufanyakazi anapita kwenye vizite ya muganga, na anatoka na karata yenye neno moja la Kifaransa: apte, maana yake anaweza kazi, ao inapte, hawezi. Kile bosi anahitaji kujua ni neno hilo. Jina la ugonjwa ni siri ya muganga na mugonjwa, na kutoa siri hiyo bila ruhusa ni kosa mbele ya sheria ya malipizi ya inchi yetu. Mimi ninaona ni vizuri kumwambia muganga wa vizite ukweli wote, na kumuomba aandike kazi gani isiyokufaa. Mutu wa kifafa hafai kupanda juu ya shemine, kuendesha kamio, kusimama peke yake karibu na tanuru ao karibu na bwawa la asidi. Lakini kuwa inapte kwa kamio si kuwa inapte kwa stoki, kwa ofisi, kwa shule, kwa kushona, kwa kutengeneza telefone. Waganga wengine wanaandika inapte kavu bila kusema kwa kazi gani. Uliza. Omba iandikwe. Ukidanganya kwenye fishi na kutia sahihi, siku utakapoanguka uongo huo utakurudilia, na bosi atashika uongo, ataachana na kifafa.

Ukiisha kuingia, chagua mwenzako mumoja wa kuamini, umueleze. Si kwa kupenda kuhurumiwa. Siku ukianguka, sherti kuwe mutu anayejua kukulaza kwa ubavu, kuondoa vyuma na moto karibu nawe, kuangalia saa, na kuwazuia wengine wasikutie kijiko ao kitambaa ndani ya kinywa. Ikipita dakika 5 bila kutulia, ni hospitali mbio.

Jambo lingine ambalo watu wa kazi hawaambiwi: usingizi. Kukosa usingizi kunaita kifafa, hata kwa mutu anayemeza dawa vizuri. Na kazi ya mbio kupata katika muji huu kwa mutu asiye na diplome ni ipi? Ni zamu ya usiku. Vijana wetu wenye kifafa wanapewa kazi ile inayowaharibu kuliko zote, wakilinda nyumba ya mutu mupaka asubuhi, na wengine wanasukuma baridi na lutuku, kitu kinachoongeza hatari mara mbili. Kama ni sherti kulinda, uombe zamu ya muchana. Tena fenobarbitali yenyewe inaleta usingizi mwanzoni. Usianze dawa mupya leo na kesho ukapanda mashini. Mwambie muganga unafanya kazi gani, ili apange dozi. Na wamama: usikubali ao kuacha dawa yoyote bila muganga kujua kama unawaza kuzaa, sababu dawa moja ya kifafa, valproate, inaweza kuharibu mimba.

Tufike sasa kwa ile siku mbaya, siku ya kuanguka ku kazi. Mara mingi inaenda hivi: shefu anasema nenda nyumbani ukapumzike, tutakuita. Hawaiti. Hakuna barua, hakuna hesabu ya mwisho. Mutu anakaa miezi 2, anaona haya kurudi, na kampuni inasema aliacha kazi mwenyewe. Usikubali mutego huo. Ukirudishwa nyumbani, kesho yake uwe na sertifika ya muganga, upeleke kopi, na kopi yako itiwe muhuri wa kupokelewa. Kwa muda kontra imesimamishwa juu ya ugonjwa, sheria inakupa theluthi mbili za mushahara wako na matunzo. Bosi anaweza kuvunja kontra juu ya ugonjwa kama huwezi kazi kwa miezi 6 bila kukatika, na hata hapo sherti alipe. Angalia vizuri: mutu wa kifafa mara mingi haanguki miezi 6. Anaanguka dakika 3, analala saa mbili, kesho anaweza kurudi. Kifungu hicho hakikuandikwa juu yake.

Nje ya hapo, kontra isiyo na mwisho haivunjwi bila sababu ya kweli, yenye kuhusu uwezo wa mutu, mwenendo wake ao mahitaji ya kampuni, na sababu hiyo iandikwe kwenye barua. Kukataa kwa mudomo si kufukuza kwa sheria. Mulango wa kwanza ni delege wa sendika. Wa pili ni Inspeksio ya Kazi, ambako wanaita pande mbili kupatana. Wa tatu ni tribinali ya kazi. Tribinali ikiona sababu haikuwa ya kweli, na mutu hakurudishwa ku kazi, anaweza kulipwa mupaka kiasi cha mishahara ya miezi 36. Sisemi inatoka kirahisi. Ninajua watu wanaozunguka na fardi ya makaratasi miaka na miaka. Lakini asiye na karatasi hata moja hana hata pa kuanzia kuzunguka.

Wengi watasema: mimi sina kontra, mimi ni jurnalye. Soma hii mara mbili basi. Sheria ile ile inasema mutu wa kazi ya siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi 2, wakimuchukua tena mbele ya hiyo miezi 2 kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa isiyo na mwisho. Andika siku zako kwenye kaye, na jina la shefu wa kila siku. Yaya hakuandika, na mimi mwenye kalamu sikumwambia.

Kuna karata ingine inayochanganya watu: ile ya CNSS. Watu wanaona mushahara unakatwa kila mwezi juu ya CNSS, wanafikiri ni ya hospitali. Hapana. Kwa sheria ya 2016, CNSS inalipa posho za familia, hatari za kazi, na pansio za uzee, za kilema na za wajane na yatima. Malaria yako haimo, vidonge vyako vya kifafa havimo. Lakini ukianguka ku kazi na kujivunja, uombe bosi atangaze hiyo kama aksida ya kazi, na uone kopi ya tangazo.

Na ule mupango mukubwa wa afya kwa wote? Ulianza Kinshasa katika Septemba 2023 kwa uzazi wa bure na watoto wachanga, kisha ukaelekea majimbo mengine. Ni jambo zuri, lakini mutu mukubwa wa kifafa haukuanzia kwake. Walimu wa Serikali wao wako na mituweli yao, iliyoanzishwa katika 2011 na inayofanya kazi katika majimbo kadhaa. Mwalimu anayelipwa mushahara auangalie.

Kwa wengine wote, mamamboga, mutu wa kinga, muchimbaji wa mukono, mulango ulio karibu ni mituweli ya mutaa ao ya parokia. Tangu Februari 2017 kuna sheria inayozipanga. Mutu analipa kila mwaka kwa ajili ya kila mutu wa nyumba, anangoja muda fulani mbele ya kuanza kutunzwa, na akiugua analipa sehemu tu, mituweli inalipa ingine. Mbele ya kutoa makuta yako, uliza maswali matatu kwa wazi. Ugonjwa wa siku zote, wenye kumeza kila siku, muko nao? Fenobarbitali na karbamazepine ziko kwenye listi yenu ya dawa? Na je, kituo cha kwanza kinaweza kunitolea dawa yenyewe, ao sherti nipande mupaka hospitali kubwa kila mwezi? Hili la mwisho watu wanalisahau. Kama kila mwezi unalipa taksi mara mbili na kupoteza siku ya kazi ili kuchukua vidonge vya bei ndogo, taksi njo imekuwa ugonjwa. Hapa Lubumbashi kituo cha Joseph Guislain cha Ndugu wa Upendo kinatunza magonjwa ya akili na ya ubongo; mutu aliyetulia anaweza kumuuliza muganga wake kama atapewa dawa ya miezi 2 ao 3 kwa mara moja.

Yaya alirudilia kusudeya, lakini hapa nyumbani, kwenye lupango. Anatengeneza milango na fito za madirisha. Moto wa arki hautumii akiwa peke yake. Mutoto wa jirani anayejifunza kazi anakaa naye, na ameisha kuonyeshwa namna ya kukata kuran na kumulaza kwa ubavu. Kontra hana, CNSS hana. Mulango ukiuzwa, mbele ya unga, mama anatoa makuta ya vidonge na kuyafunga kwenye kona ya kitenge chake. Kwenye bwata ya vyuma kuna pakiti mbili: moja anameza, moja haiguswe mupaka ya kwanza iishe. Mwezi uliopita alinipigia simu ku redio, nikafikiri kuna shida. Alitaka tu nipite farmasi, kwa sababu pakiti ya pili alikuwa ameifungua jana.